Kosa la Cancio

12 Juni

Nyumba ya mume wangu imenikataza kumlilia, ndiyo maana naandika. Kuandika hawakukataza, kwa kuwa hakuna aliyefikiri mjane anaweza kufanya hivyo.

Cancio alichukuliwa na mamba Oktoba iliyopita, pale mto unapoingia baharini. Aliingia kuifungua kamba ya nanga iliyonasa kwenye gogo. Maji yalimfika kiunoni tu. Sisi hapa hatusemi mamba, tunasema Babu, maana ndiye aliyelala akageuka nchi hii tunayoikalia, na Babu hamli mjukuu wake bure. Humchukua mwenye kosa. Mwenye moyo safi anaweza kuoga ubavuni pake akatoka salama. Hivyo ndivyo tulivyofundishwa tangu wadogo, nami nilikuwa naitikia kama wengine.

Padre alimzika na akasema mamba ni mamba. Lakini Padre jioni alipanda gari lake akarudi Baucau, mimi nikabaki hapa Waikasa na wakwe zangu. Wao wamesema hivi: mpaka kosa la Cancio lijulikane na lilipiwe, hakuna wa kumlilia kwa sauti. Mwaka ukitimia hawatanivua nguo nyeusi. Na tarehe mbili Novemba, siku ya marehemu wote, jina lake halitaitwa makaburini pamoja na majina ya baba zake. Asiyeitwa hapati njia ya kurudi nyumbani. Mume wangu atakaa nje ya ua kama mbwa wa jirani.

Wageni wa kwanza wa kiangazi wamefika leo, mtu na mkewe kutoka Ureno. Nimewajazia mitungi ya hewa ya kuzamia, nimewashusha kwenye ukuta wa matumbawe, nimewapandisha. Yule mama aliona kasa akafurahi mpaka karibu asahau kupumua. Nimecheka nao. Meno hayana msiba.

13 Juni

Mashine ya kujazia hewa inakohoa na kununa. Imemwiga mama mkwe.

19 Juni

Nimemwendea Adelino, baba mdogo wa Cancio, ambaye ndiye msemaji wa nyumba yao. Nilimkuta amechuchumaa anatia grisi mnyororo wa pikipiki. Nilimpa tambuu na popoo kama inavyopasa, nikamwachia atafune kwanza, halafu nikatoa hoja niliyoipika wiki nzima. Nikamwambia watu wa pwani ya kusini wanasema siku hizi kuna mamba wanaovuka bahari kutoka Australia, wakubwa, wageni, wasiojua ukoo wa mtu. Huenda aliyemchukua Cancio si Babu yetu, ni mgeni tu.

Adelino akatema mate mekundu, akaniangalia.

"Ulimwomba pasipoti?"

Vijana waliokuwa pale wakacheka mpaka wakashikana mabega. Mimi pia nilikaribia kucheka, maana hata Cancio angecheka. Adelino peke yake hakucheka. Akaurudia mnyororo wake, akasema tukitafuta vizuri tutaliona kosa, kwa sababu hakuna binadamu asiye nalo, na mwenye kulijua ni anayelala naye kitanda kimoja. Nikaondoka. Namchukia yule mzee na grisi yake.

2 Julai

Upepo. Hakuna kuzamia. Nimeshona mapezi ya kuzamia yaliyochanika.

9 Julai

Linda, binti yangu, ana miaka saba. Leo amerudi kutoka shule na sketi imechanika. Amepigana na mtoto wa jirani yetu Rosalina, aliyemwambia baba yake ni kinyesi cha Babu.

Nilikwenda kwa Rosalina nikiwa na maneno yangu tayari mdomoni. Alikuwa anapepeta mchele. Akaniambia polepole, kama anayenihurumia, kwamba watoto husema wanayoyasikia, na lisemwalo lipo, kama halipo laja. Nikageuka nikarudi. Nilipofika nyumbani Linda alikuwa amekaa mlangoni ananisubiri.

"Mama, baba alikosa nini?"

"Hakukosa kitu."

"Sasa Babu alimla kwa nini?"

Nikamwambia akanawe miguu.

22 Julai

Nimewashusha wageni wanne kwenye mwamba uliofungwa. Kila nikishuka pale naona kazi ya mkono wa Cancio.

Yeye ndiye aliyeufunga. Miaka ile mwamba ulikuwa umekwanguliwa na kulipuliwa, umebaki mweupe kama mifupa. Alizunguka nyumba kwa nyumba na kifuko chake cha tambuu, msimu mzima, akiwaomba watu waupumzishe. Walimcheka. Walimwita mlinzi wa kombe. Hakuchoka, wala hakukasirika, na hilo ndilo lililowashinda. Mwishowe nyumba zote zilikubali, mbuzi akachinjwa ufukoni, nguzo ikasimikwa na majani na fuvu la yule mbuzi juu yake, watu wakaapa: atakayetoa kitu pale, hata gamba lililokufa, ana deni kwa kijiji na kwa wazee waliolala.

Sasa samaki wamerudi. Chaza wakubwa wamerudi, wale wenye midomo ya buluu, wengine mtu hawezi kuwazungushia mikono. Wageni wanavuka dunia kuja kuwaona, na nusu ya Waikasa inakula kwa wageni hao. Anayeuza mchele, anayeuza samaki, anayebeba mitungi, wote. Hata Rosalina huwafulia mashuka. Mtu aliyewapa yote haya hawawezi kumpa mshumaa mmoja.

5 Agosti

Mtu ukiambiwa kila siku unanuka, mwisho utajinusa. Nimeanza kulitafuta kosa la Cancio mimi mwenyewe.

Alikuwa akikoroma. Alikuwa akiiba kwenye karata, tena vibaya, mpaka tulimwachia ashinde kwa aibu. Aliwahi kumgonga mbwa wa watu kwa pikipiki njia ya Manatuto na hakusimama. Hili la mbwa nilimpelekea Adelino. Akafikiri kwa muda, kwa haki kabisa, akasema Babu hawezi kutoka mtoni kwa ajili ya mbwa.

Lakini kuna jambo moja ambalo nimekuwa nikilizunguka. Kila alipokwenda Baucau kutafuta vipuri alichelewa kurudi, na alirudi ameshiba. Kulikuwa na mwanamke barabarani, Leopoldina. Jina hilo alilitaja mara moja tu, halafu akanyamaza kama aliyejing'ata ulimi.

18 Agosti

Nimekwenda kwa Leopoldina. Nilivaa blauzi nyeusi nzuri, nikapaka mafuta, nikapanda lori la abiria alfajiri na ulimi wangu nimeunoa pande zote mbili. Nilitaka kumkuta kijana na mrembo. Ndiyo, nilitaka. Angekuwa mrembo, ningekuwa na kosa, na mume wangu angepata kaburi lenye watu.

Leopoldina ana jino moja. Anauza samaki wa kuchoma waliofungwa kwenye majani ya mnazi, amekaa kwenye kigoda na mguu uliovimba ameunyoosha kwenye kreti. Nilipomwambia mimi ni nani, alinishika mikono yote miwili.

"Alikuwa akila wawili hapa hapa," akasema, "wa tatu ananiambia, bibi, mfunge vizuri, huyu wa mke wangu. Ulikuwa unampata?"

Sikuwahi kumpata. Nimeishi miaka kumi na mwanamume aliyekuwa ananinunulia samaki na kumla njiani.

Haya, kosa ndilo hilo. Leopoldina alinifungia watatu, akakataa kulipwa. Nililia ndani ya lori njia nzima, nikiwa nimepakata samaki wa moto, na abiria wakanisogelea na kunipa maji bila kuniuliza. Kule barabarani, kulia si kosa. Tulipokaribia Waikasa nikajifuta uso.

30 Agosti

Sikukuu ya kura ya uhuru. Bendera, nyama, ngoma. Benchi nililokaa lilibaki na nafasi.

4 Septemba

Wageni watano. Wameona pomboo na nyangumi mmoja kwa mbali. Mmoja akaniuliza kama kuna mamba. Nikamwambia mtoni, si hapa kwenye mwamba, na jioni usiingie pale. Sauti yangu ilikuwa nzuri tu.

14 Septemba

Mama mkwe wangu, Saturnina, hakuwa ameniita kwa jina tangu Oktoba. Alikuwa akisema "huyu". Huyu amechoma wali. Mwambieni huyu mtoto wake hajala. Leo nilikuwa bombani nasuuza nguo za kuzamia, natoa chumvi, akaja akasimama. Nikajua ni matusi, nikainamia beseni.

Akachukua nguo moja, akaanza kuikamua. Ilikuwa ya Cancio. Huwa nawapa wageni wanene. Aliikamua mpaka haikuwa na maji tena, na bado akaendelea.

"Olandina," akasema.

Nikasimama.

Akaniambia kwamba wakati wa vita aliwazika watoto wanne msituni, kwa njaa, mmoja baada ya mwingine. Nilikuwa najua, kila mtu anajua, lakini hajawahi kunisimulia. Askari wakiwa karibu alikuwa akijisokota kitambaa mdomoni, anamlilia mtoto wake ndani ya kitambaa. Hakuna hata mmoja aliyeondoka bila kuliliwa. Cancio alikuja baadaye, alipokuwa ameshakata tamaa ya kuzaa.

"Wanne nimewalilia na bunduki zinasikika," akasema. "Huyu mmoja, nchi imetulia, nimekaa nyumbani kwangu, nimekatazwa. Nasikia kitu kimekaa hapa." Akagusa chini ya koo. "Nitafutie kosa, mwanangu. Dogo tu. Lolote."

"Mama, hana kosa."

"Najua hana."

Bomba lilikuwa linavuja, hakuna aliyelifunga.

"Mimi nikisema hawataniamini," akasema. "Mke ndiye anayeaminiwa."

Akaianika ile nguo kwenye kamba, akainyoosha mikono vizuri, akaenda zake. Mwaka mzima nilidhani ananichukia kwa kumtetea mwanawe. Kumbe alikuwa ananisubiri niache.

27 Septemba

Sijalala vizuri wiki mbili. Kosa lazima liwe kubwa la kumtoa Babu mtoni, na dogo la kusameheka. Mwanamke? Wataniuliza ni nani, na nitakayemtaja yu hai, ana mume, ana watoto. Siwezi kumtupia mtu mwingine moto ili mimi niote. Basi liwe la kumgusa aliyekufa tu, lisilomdhuru yeyote.

Nimelipata. Sitaliandika leo.

3 Oktoba

Nimesema.

Tulikaa ndani ya nyumba ya ukoo, wanaume upande wao, Saturnina na wanawake upande wetu. Nikasema kwamba Agosti ya mwaka jana Cancio alitoa chaza kwenye mwamba uliofungwa. Adelino akaniuliza alimpeleka wapi, nikasema Dili, kwa mtu wa hoteli, simjui. Akaniuliza kwa nini, mtu aliyeufunga mwenyewe. Nikasema mashine ya hewa ilikuwa imekufa, tulikuwa na shida, na alinikataza nisiseme. Uongo ukishaanza unajitafutia miguu wenyewe. Nilikuwa nasikia sauti yangu ikitoa mambo ambayo sikuyapanga, mpaka jinsi alivyomfunika kwa gunia.

Nilitegemea Adelino atang'aka. Alifunika uso kwa mikono yake, na mabega yakaanza kutikisika. Ndiye aliyemlea Cancio baba yake alipokufa. Mwaka mzima alikuwa akitafuta mlango wa kumrudisha mtoto wake ndani, na mimi nilidhani anashikilia mlango ufungwe.

"Kijana mjinga," akawa anasema. "Kijana mjinga. Si angetuambia tu."

Wakakubaliana faini: nguruwe, mbuzi na kitambaa cha kufuma, kwa kijiji, kwa kuvunja kiapo. Watalipa wao. Saturnina hakuniangalia hata mara moja.

9 Oktoba

Mwaka umetimia. Faini ililiwa ufukoni mchana, na kijiji kizima kilikuja, hata Rosalina na mtoto wake, na wali wa kufungwa kwenye majani ya mnazi ulipikwa mpaka sufuria zikaazimwa. Jioni wakanikalisha katikati. Adelino aliukata kwa kisu utepe mweusi wa msiba niliofungwa mkononi, Saturnina akanivua kitambaa cha kichwani.

Halafu akalia. Sijawahi kusikia sauti kama ile ikitoka kwa mtu mdogo namna ile. Aliita jina la Cancio, akaita na majina ya wale wanne, akarudi kwa Cancio, na wanawake wote wakampokea, nami nikaanguka juu yake, tukalia kilio cha mwaka mzima kwa pamoja. Linda aliogopa kwanza, kisha akaja akajiingiza katikati yetu.

Baadaye watu walikula, wakacheza, wakaanza kumsimulia. Alivyoiba kwenye karata. Alivyomkimbia bata mzinga wa Padre. Wamempenda tena. Kwa usiku mmoja nilifikiri nimefanya vizuri.

10 Oktoba

Nimevaa kitambaa cha njano. Kinawasha.

21 Oktoba

Nimeshuka na wageni kwenye mwamba nikakuta chaza wawili hawapo. Mahali pao pamebaki mashimo meupe. Nikawaambia wageni ni mkondo wa maji, wakaniamini, watu wa mbali huamini chochote.

Nilipotoka majini nikamwona Mateus, mume wa Rosalina, anapanda ufukoni na mtaimbo na gunia. Hakujificha. Nikamuuliza kama amesahau kiapo.

"Shemeji, usinikasirikie," akasema, tena kwa upole. "Hata mwenye mwamba alijichukulia. Tukilipa faini si tunalipa, kama yeye?"

Nilikuwa na jibu. Lilikuwa mdomoni, zima, la maneno mawili: nilisema uongo. Nikilitoa, mshumaa wa Cancio unazimwa, Saturnina anarudishiwa kitambaa mdomoni. Nikakusanya mapezi ya wageni nikaenda bombani. Nilitaka kosa lisilomdhuru yeyote, na nimemchagulia lile moja linalomuua mara ya pili. Rosalina alisema lisemwalo kama halipo laja. Mimi ndiye niliyelileta.

2 Novemba

Wamemwita. Adelino alisoma majina ya nyumba yao kutoka ya kale kabisa, na la mwisho lilikuwa Cancio. Linda aliwasha mshumaa wake na kuulinda na upepo kwa viganja. Saturnina alimwekea sahani, tambuu na sigara. Alikuwa na uso wa mtu aliyepata usingizi.

Sijutii. Najuta. Yote mawili ni kweli, na yanakaa chumba kimoja.

8 Novemba

Ile nguzo ya kiapo imeanguka. Mtu amechukua kipande akachomea samaki.

15 Novemba

Mvua ya kwanza. Maji ya mto yamekuwa na rangi ya chai na kesho hatutaona kitu chini, ila Marit amefika hivyo hivyo. Ni Mnorwei, huja kila mwaka mwisho wa msimu, mwaka jana tu hakuja. Hakuwa na habari. Alishuka garini na chupa ya mafuta ya samaki aliyomletea Cancio kwa utani wao, akauliza yuko wapi.

Tulikaa barazani. Saturnina alikuwa kwenye mkeka anapukuchua mahindi. Nikamwambia Marit kwa Kiingereza changu kwamba Cancio alikufa, mamba, mwaka jana mwezi wa kumi. Akafunika mdomo. Linda, ambaye hapendi mgeni ahuzunike, akanivuta kiwiko.

"Mwambie aliiba chaza ndiyo maana Babu akamchukua. Lakini tumeshalipa. Mwambie tumeshalipa, mama."

Alisema kwa sauti nyepesi, kama anayemwelekeza mtu choo kilipo. Hapigani tena shuleni. Sketi yake ni nzima. Nikamwambia Marit alivyosema, neno kwa neno, kwa sababu mtoto alikuwa ananiangalia mdomo.

Marit akatikisa kichwa. Akasema hapana, haiwezekani. Akasema mwaka ule wa mwisho alipokuja, yeye mwenyewe aliokota gamba pale kwenye mwamba, tupu, dogo kama ukucha, akalificha kwenye mkono wa nguo yake. Cancio hakusema kitu mbele ya wageni wengine. Kesho yake asubuhi alimshusha tena, yeye peke yake, mpaka pale pale, akamngojea alirudishe mahali alipolitoa. Walipotoka majini akamshukuru. Marit alikuwa analia sasa. Akasema mtu yule hakuiba, nani amewaambia mtu yule aliiba?

Saturnina aliacha kupukuchua. Hajui Kiingereza, lakini alikuwa ananiangalia, na mkono wake ulikuwa umepanda chini ya koo.

"Anasema nini?" Linda akauliza.

Mvua ilikuwa inapiga bati. Nikamtoa punje za mahindi zilizomshika kwenye nywele.

"Anasema pole," nikamwambia.

"Mwambie ahsante," akasema Linda.

Nikamwambia Marit ahsante. Saturnina akaushusha mkono, akachukua hindi lingine.